Turubai la Tuzikane

Jumatatu asubuhi Noela Maige aliambiwa kwamba wakubwa saba wa kampuni wanakuja Segese siku ya Ijumaa, na kwamba yeye ndiye wa kuwatafutia pa kulala, pa kula na pa kukaa kimya wafikiri. Bosi wake, Bwana Marcel, alimwambia akiwa amesimama mlangoni na funguo za gari mkononi, kama mtu anayeagiza vocha ya simu.

"Ni ritriti, Noela. Siku mbili tu. Watoke kwenye kelele, watulie, wapange mambo ya kampuni."

Ritriti ni neno la wakubwa. Kwa sisi wengine maana yake ni kwamba watu wameziacha ofisi zao za Dar es Salaam, zenye viyoyozi na kahawa, wakasafiri nchi nzima kwenda kufanya kazi ileile waliyoiacha mezani. Lakini nani atawaambia? Mwenye nguvu mpishe.

"Bosi, leo ni Jumatatu," Noela alisema.

"Najua. Mkataba wako unaisha lini?"

"Tarehe thelathini."

"Basi sikiliza. Hili likienda vizuri, barua yako ya ajira ya kudumu naisaini mbele ya Mkurugenzi. Likiharibika, usinitafute."

Kampuni yenyewe ilikuwa ya kuchoronga miamba, ikifanya kazi za mkataba kwa wachimbaji wakubwa, na Noela alikuwa afisa utawala wake kwa mikataba ya miezi sita sita. Mkataba wa namna hiyo hauna bima ya afya. Wa kudumu unayo, na inamfikia mpaka mzazi. Mama yake Noela, Nyamizi, alipigwa na kiharusi mwaka jana. Upande wa kulia ulilala, ulimi ukawa mzito. Daktari alisema akipata mazoezi ya viungo kila wiki na dawa zisizokatika, atasimama tena. Kwa hiyo Bwana Marcel alipotaja barua, Noela hakuiona karatasi. Alimwona mama yake akitembea uani.

Siku zote hizo aliyekuwa akimwangalia Nyamizi mchana alikuwa jirani yao, Martina. Hakuajiriwa na mtu. Noela akiondoka kwenda kazini, Martina anaingia, anamgeuza mgonjwa, anamwogesha, anamlisha uji kwa kijiko huku akimpigia hadithi za watu wote wa Segese, wazuri na wabaya. Noela alimwita mama mdogo, ingawa hawakuwa na damu moja.

Jumanne Noela alikwenda Kahama. Wiki ile Mwenge wa Uhuru ulikuwa unapita wilayani, na ukipita Mwenge hakuna kitanda kinachobaki wazi. Alizunguka mtaa wa Nyasubi wote, nyumba ya wageni moja baada ya nyingine, mpaka viatu vikamchubua. Kote jibu lilikuwa moja: pamejaa, dada. Jumatano akapata afueni. Parokia moja nje kidogo ya Segese ilikuwa na kituo cha mafunzo chenye vyumba kumi na viwili, safi, vyenye neti na maji, mahali pa kimya penye miti ya mijohoro. Kasoro yake ilikuwa moja tu: ukumbi haukuwa na paa. Upepo wa mwezi wa pili ulilibeba.

Kwa hiyo ilihitajika tenti, na viti, na vyombo vya kupikia. Na tenti zote za Kahama, za wapambaji wote aliowapigia simu, zilikuwa zimekodiwa kwa ajili ya Mwenge. Mpaka Alhamisi saa sita mchana Noela hakuwa na hata kitambaa cha kuwatundikia wakubwa juu ya vichwa vyao.

Ndipo akakumbuka kile ambacho alikuwa akikipita kila siku bila kukifikiria. Kikundi chao cha kuzikana, Tuzikane, kilikuwa na turubai kubwa jipya, viti mia mbili vya plastiki na masufuria ya kupikia watu mia tatu. Noela mwenyewe alikuwa mwanachama. Alikwenda kwa mwenyekiti, Mama Sikujua, akamkuta uani anapepeta mchele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwangaluka, ng'wana Nyamizi. Mama ameamkaje?" alimsalimu kwa Kisukuma, akimwita mtoto wa Nyamizi.

"Hajambo, mama." Noela akaketi, akaeleza shida yake yote, akaficha moja tu: hakusema kwamba kwa bosi wake ameshaahidi tenti.

Mama Sikujua aliuweka ungo chini. "Vyombo hivi si vya biashara, Noela. Ila wewe ni wetu, na kazi yako ni ya kumtibu mwenzetu. Chukua. Lakini sharti unalijua."

"Nalijua, mama."

"Liseme."

"Ukitokea msiba wa mwanachama, popote vilipo, vyombo vinarudi. Turubai linatangulia kufika kabla ya mwili."

"Basi." Mama Sikujua akarudia kupepeta mchele wake. "Usijali. Wote tu wazima."

Kosa la Noela halikuwa kuazima vyombo. Kosa lilianza palepale, alipomrudia Bwana Marcel na kumwambia tenti imepatikana, akakomea hapo. Sharti hakulitaja. Alijiambia: siku mbili tu, nani atakufa katika siku mbili? Tena kila kiti kilikuwa kimeandikwa kwa rangi nyekundu mgongoni, TUZIKANE SEGESE, na Noela akaona si vizuri wakurugenzi waegemee neno kama lile. Akaazima kwa mshonaji vitambaa vyeupe vya harusi, akavivalisha viti thelathini, kimoja kimoja, mpaka saa mbili usiku.

Wakubwa na maofisa wao waliwasili Ijumaa jioni, wakapasifia. Mkurugenzi Mtendaji, mama mmoja mpole aitwaye Mwanaima, mwembamba, wa ushungi, alisimama chini ya turubai akavuta pumzi. "Umefanya haya yote kwa siku nne?" alimuuliza Noela. "Wewe ni hazina." Bwana Marcel alicheka kwa sauti, kama hazina ile kaichimba yeye.

Jumamosi asubuhi Noela alimuaga mama yake alfajiri, akamwachia Martina ufunguo. Saa tatu na nusu, wakati wakubwa wanamalizia chai, simu ikaita.

"Noela." Ilikuwa sauti ya Mama Sikujua. "Martina ametutoka."

Noela hakuelewa. Martina yupi? Yeye alikuwa ameagana na Martina saa kumi na mbili.

"Ameanguka uani kwenu. Beseni la maji ya kumwogeshea mama yako lilikuwa mkononi. Mama yako ndiye aliyepiga yowe, Noela. Na ulimi ule. Alipiga yowe mpaka tukasikia. Tulimkimbiza zahanati, hakufika. Mwili unarudi nyumbani saa nane. Tunakuja kuchukua vyombo."

Noela alikwenda nyuma ya jiko akalia, kanga mdomoni asisikike. Alimlilia Martina kweli. Hakuna wa kumsingizia kwamba hakumlilia. Lakini machozi yalipopungua, hesabu nyingine ikaja kichwani yenyewe. Saa nne Mkurugenzi anafungua kikao. Mchana wanajadili watumishi wa kudumu. Kufunga ni saa kumi. Ukilishusha turubai sasa, wakubwa saba na maofisa wao wanabaki juani kama mihogo, na Bwana Marcel anakosa pa kuweka uso. Barua kwisha. Mazoezi ya mama kwisha. Ukiliacha, utamtazama nani pale msibani?

Angeweza kwenda kusema. Ningekuwa karibu ningemsukuma mgongoni aende, maana hatua zilikuwa ishirini tu kutoka jikoni mpaka kwenye kiti cha Mkurugenzi. Hakwenda. Hofu ya kibarua ni hofu mbaya. Inamfanya mtu amuogope hata asiyemtisha.

Saa tano lori dogo lilisimama getini. Mama Sikujua aliteremka na wanawake wawili, vitenge wamefunga kiunoni kwa kazi. Noela aliwakimbilia kabla mlinzi hajafungua.

"Mama, nakuomba. Nipeni mpaka saa kumi."

"Mwili unafika saa nane."

"Najua, mama. Lakini ni ajira yangu. Ni matibabu ya mama. Nikiwaharibia leo, nimemuua mama yangu kwa mkono wangu."

Mama Sikujua alikuwa mwanamke aliyezika watu wengi, na aliijua sauti ya mtu aliyebanwa. Akawageukia wenzake, wakasemezana Kisukuma kwa sauti ya chini. Kisha akasema, "Basi viti wabaki navyo, na masufuria. Tutaazima kwa majirani. Tupe turubai peke yake. Martina asilale wazi. Wingu lile unaliona."

Wingu lilikuwepo kweli, upande wa Bulyanhulu, limetuna. Noela alifungua mdomo kujibu. Mpaka leo hajui angejibu nini, na mimi siwezi kumjibia, kwa sababu wakati huohuo Mkurugenzi Mwanaima alitokea nyuma yake, simu sikioni, amejitenga kuzungumza. Aliikata simu alipowaona.

"Vipi, Noela, kuna shida? Hawa ni akina nani?"

"Hapana, mama. Ni wauza mboga tu. Nawaelekeza jikoni."

Lilimtoka hivyo, rahisi, bila kukwama.

"Karibuni jamani," Mkurugenzi aliwaambia wale wanawake kwa upole, akarudi kwenye turubai.

Mama Sikujua hakupandisha sauti. Hata uso haukubadilika. Alikaza kitenge chake, akasema, "Mboga zimeisha leo." Wakapanda lori, wakaenda.

Noela alibaki getini ameshika moyo, na Mungu amsamehe, alishukuru. Alidhani amepewa mpaka saa kumi. Naye ni mtoto wa palepale, kakulia palepale, alipaswa kujua. Kwa watu wake mkubwa akikugombeza bado anakuhesabu. Ni pale anapokunyamazia ndipo ujishike kichwa.

Mvua ilianza saa nane na robo. Haikuwa mvua ya mchezo. Ilipiga turubai mpaka wakubwa wakasogeza viti katikati na kupaza sauti wasikilizane. Hawakulowa. Turubai lilikuwa zuri, jipya, limeshonwa mara mbili kwenye mishono. Bwana Marcel aliliangalia juu akamnyooshea Noela dole gumba. Noela alikuwa akigawa chai ya mchana, na kila tone lililogonga pale juu alilisikia linagonga mahali pengine.

Saa kumi kamili kikao kilifungwa. Mkurugenzi alimwita Noela mbele, akamsifu, na Bwana Marcel akaitoa barua kwenye bahasha, akaisaini pale pale juu ya meza, watu wakapiga makofi. Ajira ya kudumu. Noela aliipokea kwa mikono miwili. Mvua ilikuwa imekatika. Alipoanza kuvivua viti vitambaa kwa haraka ya ajabu, Mkurugenzi Mwanaima alikuwa bado hajaondoka, na akayaona maandishi mekundu.

"Tuzikane," alisoma. Akasoma na kiti cha pili. "Noela, hivi ni vya msiba?"

"Ndiyo, mama."

"Na wale akina mama wa asubuhi?"

Noela aliinamia kiti kingine, akakivua kitambaa. Mwanamke yule akaweka mkono kifuani. "Ungetuambia, mwanangu. Tungeingia kwenye vyumba. Tungekaa hata vitandani. Sisi si watu wa kuzika?" Alisema bila ukali wowote, na laiti angesema kwa ukali.

Noela alikodi gari, akapakia na vijana wa parokia, akapanda mbele na barua yake kwenye mkoba. Alipokuwa njiani alipanga maneno. Angepiga magoti. Angeomba atozwe masumule, ile faini ya kimila ambayo mtu asiyefika msibani hutozwa na wenzake, ng'ombe au mbuzi, watu wakala, yakaisha. Angelipa hata ng'ombe wawili. Sasa alikuwa mtu wa ajira ya kudumu.

Nyumbani kwa Martina uwanja ulikuwa tope. Watu walikuwa wengi, wamejibanza chini ya michirizi ya paa na chini ya mkwaju, wengine wamesimama tu, nguo zimewagandia mwilini. Jeneza lilikuwa ndani, katika chumba kimoja ambacho hakikutosha watu kumi. Walikuwa wamelikimbiza ndani kwa mvua, na alama za miguu iliyoteleza zilionekana bado kutoka njiani mpaka mlangoni.

"Shikamooni," Noela alisema.

Hakuna aliyeitikia. Aliwaendea wazee mmoja mmoja, mzee Donatus, mzee Amosi, wajomba zake Martina, akainama mbele ya kila mmoja. Kila mmoja alimtazama kwa adabu kabisa, akanyamaza. Hakuna kijana aliyesogea kwenye gari kushusha turubai. Lilibaki pale juu, limekunjwa vizuri.

Aliingia ndani, akiwakanyagakanyaga watu kwa kutoona vizuri, na hapo akamkuta mama yake. Nyamizi alikuwa ameketi kwenye mkeka, kichwani pa jeneza, ameegemezwa kwa mto, katikati ya wanawake. Walimleta kwa gari la ng'ombe, kabla ya mvua. Mkono wake mzima wa kushoto ulikuwa juu ya ubao wa jeneza, na hakuuondoa alipomwona mwanawe.

"Mama," Noela alisema, akapiga magoti. "Mama, nimepata barua."

Nyamizi akasema, kwa ule ulimi mzito, neno baada ya neno, "Alikuwa... ananiogesha." Basi. Akageuza uso kwa jeneza.

Noela alitaka kukaa. Alitafuta nafasi pembeni ya mama yake, kwenye mkeka, na wanawake hawakumfukuza. Hawakusogea tu. Magoti yao yalibaki yamegusana. Mama Sikujua akainuka, akamshika mkono, akamtoa nje taratibu, kama anavyotolewa mgonjwa.

"Nitozeni masumule, mama," Noela alisema akilia. "Nitalipa. Chochote."

"Masumule ni ya mtu aliyesahau. Unalipa, tunakula, tunacheka. Wewe hukusahau." Sauti ya Mama Sikujua ilikuwa imekauka kwa kulia mchana kutwa. "Turubai tungelisamehe, Noela. Mvua ni ya Mungu, na shida zako tunazijua. Ila uliulizwa sisi ni akina nani, nasi tumesimama pale, na maiti yetu haijafika nyumbani. Ukasema hutujui."

"Na mama yangu? Mama yangu akifa?" Lilimtoka kwa sauti kubwa, watu wote wakasikia.

"Mama yako ni wetu. Siku yake ikifika tutamwosha, tutamvika, tutamzika. Usiwe na wasiwasi kwa mama yako." Mwenyekiti alisema kwa upole uleule wa kufariji wafiwa. "Na wewe utaalikwa."

Alitoa ishara. Mmoja wa wanawake alikwenda kwenye gari, akashusha kiti kimoja, kimoja tu kati ya viti mia mbili, akakifuta maji kwa upande wa kanga yake, akakiweka pembeni mwa uwanja, mahali pakavu, mbali na mikeka. Pale kwetu mwenye msiba huketi chini. Kiti ni cha diwani, cha mtendaji wa kata, cha mtu aliyetoka mbali kuja kutoa pole na kuondoka.

"Karibu," Mama Sikujua alisema. "Kaa."

Noela akakaa. Baadaye kidogo wanawake walipakua chakula. Wenyeji walikula kwenye masinia, kwa mikono, watu sita sita, wamechuchumaa kwenye tope. Yeye aliletewa sahani yake peke yake, imefunikwa kwa sahani nyingine, na kijiko juu, na maji ya kunawa akamiminiwa na mwanamke aliyepiga goti kwa heshima. Alijua hawezi kukataa; mgeni hakatai chakula cha msiba. Akala. Alikula wali wote mpaka ukaisha, huku analia kwa sauti, na katika watu wote wale waliomjua tangu anatambaa, hakutokea hata mmoja wa kumwambia nyamaza.